Mama yangu, mwalimu wa hesabu, ameacha dawa za presha kwa neno la mtumishi

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisikilize, maana hapa nyumbani kila mtu anapaza sauti na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mama yangu ana miaka 63. Amefundisha hesabu tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu. Si mtu wa kudanganywa kirahisi. Dukani alikuwa anahesabu chenji mbele ya muuzaji, na akikuta shilingi mia imepungua harudi nyumbani mpaka ilipwe. Hesabu za kikoba chao alizipitia kwa kalamu nyekundu kama madaftari ya darasa la saba. Sisi watoto tukimwambia "watu wanasema", anauliza, "Nani kasema, na kajuaje?" Huyo ndiye mama niliyemjua.

Ana presha ya muda mrefu. Alikuwa anameza vidonge kila siku na kliniki hakosi. Mwaka juzi baba akafariki. Msibani ndugu walikuja, wakala, wakaondoka. Aliyebaki ni mtumishi mmoja mwenye huduma ya maombezi mtaani kwetu. Alikuja kila jioni, akakaa na mama barazani, akaomba naye, siku nyingine akaja na mfuko wa unga. Sitamsingizia, alimsaidia sana mama. Mama akaanza kusali huko.

Miezi michache iliyopita, kwenye mkesha, mtumishi alimwita mbele, akamwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba presha imeondoka. Mama akatoa ushuhuda. Tangu siku hiyo hajagusa kidonge. Nilikuja kugundua nilipokuwa nasafisha kabati la vyombo: pakiti za amlodipini zimejaa kama zilivyotoka duka la dawa, zimesukumwa nyuma ya chupa ya mafuta ya upako. Nilimbembeleza tukaenda kupima. Ikasoma 178 kwa 104. Dada wa duka la dawa alirudia kupima, namba zikabaki zilezile. Mama akasema mashine ni mbovu, na kwamba adui anataka kumnyang'anya uponyaji wake.

Kaka yangu alipandwa na hasira. Alimwaga yale mafuta kwenye sinki, akamwita mtumishi tapeli mbele ya wageni, akamwambia mama, "Hata Shakahola walianza hivihivi." Mama hakujibu neno. Kesho yake alikusanya nguo, akahamia kwa mama mmoja wa kikundi cha maombi, akakaa huko wiki nzima. Sasa amerudi, lakini tukigusia habari za dawa anatoka chumbani.

Shangazi, mtu mwenye akili kama ile inakuwaje? Ni uzee umeanza? Ubongo umeharibika? Au ndiyo imani yenyewe? Nimsemeshe vipi mama yangu bila kumvunjia heshima? Na je, niende nikamwone huyo mtumishi? Kaka anasema nikienda nitakuwa nampa kichwa.

Binti wa Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa huu msiba wa pili ambao hauna matanga.

Kabla ya ubongo tuzungumze damu. 178 kwa 104 si namba ya kuahirisha. Presha haiumi. Ndiyo maana mama anajisikia mzima, na ndiyo maana ushuhuda wake kwa upande wake si uongo: kweli hasikii kitu. Lakini mishipa ya ubongo, moyo na figo inabeba shinikizo hilo usiku na mchana, na kiharusi hakipigi hodi. Kwa hiyo aonwe na daktari wiki hii hii, si baada ya kumshinda kwa hoja. Akikataa kwenda kituo cha afya, tafuta muuguzi au daktari mnayefahamiana aje nyumbani kama mgeni, apime, azungumze naye. Usimtilie dawa kwenye uji kwa siri. Baada ya muda wote huo bila dawa, daktari ndiye wa kuamua aanze na ipi na kwa kiasi gani, na siku mama akigundua kwamba mmemlisha asichokijua, mtakuwa mmemalizia imani ndogo aliyobaki nayo kwenu.

Ukiona mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umekosa nguvu, ulimi umekuwa mzito, kichwa kinauma kuliko kawaida, kifua kinabana au pumzi inakata, hapo usijadiliane na mtu. Ni hospitali wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku.

Sasa nije kwenye swali lako. Kwa uliyoniandikia, sioni dalili za uzee. Mtu ambaye ubongo unamchoka husahau alipoweka sufuria, hurudia swali lilelile asubuhi nzima, hupotea njia anayoijua. Ukiyaona hayo mwambie daktari. Lakini mama anayesukuma vidonge nyuma ya chupa ili msivione, anayejua akanyamaze wapi na aondoke saa ngapi, akili yake iko kazini. Kilichompata kinaweza kumpata mtu mwenye ubongo mzima kabisa, na kimepimwa.

Mwaka 2011 lilichapishwa andiko la watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, wakiongozwa na Uffe Schjoedt. Walichukua Wakristo 18 waliozoea kuombeana, wanaoamini kwa dhati kwamba wapo watu wenye karama ya kuponya, na watu wengine 18 wasio wa dini. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine ya MRI, ya aina inayoweza kuonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi zaidi kwa wakati fulani, akasikilizishwa sala zilizorekodiwa. Aliambiwa anayeomba ni nani: huyu si Mkristo, huyu ni Mkristo wa kawaida, huyu ni Mkristo anayejulikana kwa karama ya uponyaji. Kumbe wote waliorekodi sala zile walikuwa Wakristo wa kawaida. Karama ilikuwa ya kuambiwa tu.

Waumini walipoambiwa kwamba anayeomba ana karama, kazi ya sehemu za mbele za ubongo, hizi zilizo nyuma ya paji la uso, ilishuka. Sehemu hizo ndizo tunazozitegemea tunapolipima jambo, tunapolitilia shaka, tunapokamata kosa na kujizuia. Wasio wa dini hawakuwa na mabadiliko hayo. Tena wale waumini ambao sehemu hizo zilitulia zaidi ndio waliosema baadaye kwamba mwombaji yule alikuwa na mvuto mkubwa, na kwamba walihisi uwepo wa Mungu kwa nguvu zaidi.

Naomba utulie hapo kidogo. Sauti zote zilikuwa za watu wa aina moja. Kilichotofautiana ni kile msikilizaji alichoambiwa juu ya msemaji. Ubongo haukungoja kusikia hoja ndipo uamue kuiamini, ulikuwa umeshalegeza ulinzi kwa sababu ya mtu anayesema.

Usiende kumsomea mama utafiti huu. Watu 36 ni wachache, na mashine ile haipimi kama Mungu anasikia maombi. Tena si habari ya waumini peke yao. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2009, Jan Engelmann, Gregory Berns na wenzao wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwaweka watu kwenye mashine kama ile wakawapa maamuzi ya fedha: uchukue kiasi cha uhakika, au ubahatishe upate kikubwa zaidi? Walipoamua peke yao, zilionekana sehemu za ubongo ambazo kazi yake ilipanda na kushuka kulingana na thamani ya kile walichokuwa wanakipima. Walipoonyeshwa ushauri wa mtaalamu wa uchumi, uhusiano ule ukatoweka. Mzigo wa kupima ulikuwa umetuliwa mabegani mwa mtaalamu. Hapo hapakuwa na mafuta ya upako wala mkesha, palikuwa na profesa na fedha.

Ubongo unafanya hivyo kwa sababu kupima kila kitu upya kunachosha, na hakuna maisha yanayotosha. Ukipanda basi la dereva unayemfahamu kwa uangalifu wake, unasinzia, na kusinzia huko si ujinga, umepumzika kwa sababu ipo sababu. Mtoto hujifunza kula, kusema na kuogopa moto kwa kuamini wakubwa zake kwanza. Na sisi tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shuleni tulioinua mkono kuuliza "kwa nini?" hatukuwa wengi, na wapo waliorudishwa kwenye viti vyao kwa fimbo. Ukimkuza mtu hivyo kwa miaka yote, halafu ukategemea kwamba siku moja akiwa na miaka 63 atasimama mbele ya madhabahu, mkono wa mtumishi ukiwa kichwani na watu wote wakishangilia, aseme "samahani mtumishi, umepimaje?", unamdai kitu ambacho wengi wetu hatukiwezi.

Lakini mama yako alikiweza, utaniambia. Alikuwa anauliza nani kasema na kajuaje. Ndiyo, na ninadhani hapa ndipo penye kiini cha barua yako. Aliwauliza wasiojulikana: muuzaji, mhasibu wa kikoba, "watu" wa "watu wanasema". Ujuzi wa kuhakiki hauanzi wenyewe kama moyo unavyodunda. Ni kazi, na lazima kitu kikuamshe uianze. Kinachoiamsha ni shaka. Mtu aliyekaa nawe barazani kila jioni wakati ndugu wa damu wameshapanda magari yao, hakuamshii shaka, anakupa kupumua. Hesabu zote anazozijua mama bado zimo kichwani, ila hajaziita, kwa sababu kwa mtu huyu hajaona haja ya kuziita.

Na imani hiyo aliipata kwa haki. Mtumishi aliilipia kwa muda wake na kwa unga wake. Tatizo limeingia baadaye, imani hiyo ilipovuka kutoka kwenye huzuni, ambako ameonyesha anaweza, ikaenda kwenye mishipa ya damu, ambako hajaonyesha kitu. Daktari naye tunampa imani ya namna hiyohiyo akianza kutoa maoni ya siasa. Mwanajeshi tunampa kwenye biashara. Mtu akishakuwa mkubwa kwa jambo moja, tunamvika ukubwa wa mambo yote.

Wa rika langu tunakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa dawa, akawa anagawa kikombe kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye vumbi, wengine wakiwa na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini, na wapo waliokata roho njiani kabla ya kukifikia kikombe. Wasomi walikwenda. Viongozi wa serikali walikwenda, na picha zao zikawavuta wengine, maana kama mkubwa kakinywa, mimi ni nani niulize? Wapo wagonjwa wa ukimwi, kisukari na presha waliorudi makwao wakaacha dawa. Mzee yule alifariki Julai 2021, na mpaka leo wapo watu wazuri tu watakaokuambia hakuwa na hila, na kwamba shilingi 500 si bei ya mtapeli. Mimi sibishani nao. Mtu anaweza kuwa mkweli toka utosini hadi unyayoni, na virusi vikabaki kwenye damu ya mgonjwa vilevile.

Hili mwambie kaka yako, kwa upole, maana naye analia kwa namna yake. Alipouliza "tapeli au si tapeli" aliuliza swali ambalo mama ana jibu lake tayari, na jibu hilo ni baraza lenu na zile jioni. Kila tusi kwa mtumishi lilikuwa kwake tusi kwa mtu wa pekee aliyemfuta machozi. Na Shakahola, mwanangu, pale Kilifi, Kenya, ambako waumini walifundishwa kufunga mpaka wafe na kuanzia Aprili 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400, si neno la kumtupia mama mezani. Hofu yako naielewa. Lakini mama hafungi mpaka afe na hajakimbilia msituni. Amekuwa mgonjwa wa presha aliyeacha dawa, na wa namna hiyo wamejaa kila mtaa, wengine hata hawajaombewa na mtu. Ukikuza jambo kupita kipimo chake, atakuona wewe ndiye usiyeweza kupima.

Utafanyaje, basi? Kuna jaribio jingine, la zamani, ambalo watu hulitaja kwa ubaya wake na kusahau sehemu yake ya matumaini. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kuwaita watu wa kawaida, akawaambia wampige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea jibu, na kila mara waongeze. Umeme haukuwepo na mpigwaji alikuwa mwigizaji, lakini wao hawakujua. Kati ya watu 40 wa toleo linalojulikana zaidi, 26 walifika volti 450 kwa sababu tu mtu mwenye koti la maabara aliwaambia jaribio linahitaji waendelee. Walitoka jasho, walitetemeka, wengine walisihi waruhusiwe kuacha, na bado walibonyeza. Wengi huishia hapo kusimulia. Lakini Milgram alibadilisha mambo akajaribu tena. Alipowaweka kando ya mshiriki watu wawili wa hali yake, wakakataa kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Na alipoweka wakubwa wawili wenye koti, mmoja akasema endelea na mwingine akasema acha, hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Hata mmoja.

Watu hao hawakupewa somo la kufikiri. Walipata kusikia kutoka kwa mtu wa uzito uleule kwamba jambo hili lina upande wa pili. Wakubwa wakitofautiana, kazi ya kupima inarudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo mama hahitaji sauti yako iwe kubwa zaidi. Wewe kwake ni mtoto, na mtoto akimkosoa mtumishi, mzani hauchezi. Anahitaji mkubwa wa pili, mwenye imani yake yeye. Fikiria ni nani. Mchungaji wa kanisa alilolelewa? Mwalimu mwenzake mstaafu anayesali na anayemeza dawa zake za presha au kisukari kila asubuhi? Muuguzi mlokole, na wapo wengi, ambaye atapiga magoti naye kwanza halafu afungue mkoba wa kupimia? Mtu huyo asitumwe kuja kumgombeza. Aje asalimie, akae, asimulie yeye anaishije na ugonjwa wake na Mungu wake.

Akiwa mtu wa Biblia, kuna mambo mawili ambayo angeweza kuyasoma na mama bila kumchokoza. La kwanza ni Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua, akalia, akaomba, na Mungu akamwambia amesikia na kumwongezea miaka 15. Halafu soma mstari wa 21: ni Isaya mwenyewe, nabii, aliyeagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka na dawa ikawekwa vilevile, na hakuna aliyesema Hezekia amepungukiwa imani. La pili ni watu wa Beroya, Matendo 17. Walihubiriwa na Paulo, si mtu mdogo, nao wakawa wanachunguza maandiko kila siku waone kama anayosema ndivyo yalivyo. Wanasifiwa kwa hilo, wanaitwa waungwana. Mimi napenda sana sura hiyo, kwa sababu inampa muumini ruhusa ya kupima anachoambiwa, na ruhusa hiyo anapewa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wewe una kazi nyingine, nayo ni kuirudisha ile kalamu nyekundu. Mama ni mtu wa namba. Alipokataa mashine ya duka la dawa alisema ni mbovu. Hiyo ni hoja ya kitaalamu, mwanangu, hata kama ilitoka na hasira! Ipokee. Mwambie, "Mama, inawezekana kweli. Tuihakiki." Nunueni au azimeni mashine ya kupimia presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, na siku muuguzi atakapokuja ilinganisheni na yake. Halafu mpe daftari. Apime asubuhi na jioni, akiwa ametulia, ameketi ameegemea, miguu chini, na aandike yeye kwa mkono wake. Usisome kwa sauti, usikune kichwa, usimwite kaka aje aone. Namba zilizoandikwa na mwanafunzi wa mtu mwingine hazimhusu, lakini hizi ni zake. Daftari hilo liende kwa daktari pamoja naye. Nakukumbusha tu kwamba daftari halichukui nafasi ya daktari wa wiki hii, vinakwenda pamoja.

Chagua saa ya kuzungumza. Usimwanze jioni ya Jumapili ametoka ibadani, sauti ya mtumishi bado imo masikioni. Na usimwanze mbele ya watu, maana mbele ya watu atautetea ushuhuda wake na si afya yake. Alitangaza hadharani kwamba amepona, na kwa mtu mwenye heshima zake kurudi nyuma ni aibu kubwa. Msaidie apate njia ya kurudi isiyomwaibisha. Usimwambie "ulidanganywa". Mwambie, "Mama, daktari akithibitisha umepona, ushuhuda wako utakuwa na cheti. Twende tukachukue." Sikupi ujanja hapa. Akipimwa akakutwa hana presha, hata mimi nitamshukuru Mungu naye.

Na uliza, halafu nyamaza. Swali ambalo ningelianza nalo ni hili: "Mama, siku ile mtumishi alisema maneno gani hasa?" Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeandika kwamba alitangaza presha imeondoka. Hujaandika popote kwamba alisema acha vidonge. Huenda alisema. Lakini huenda mama aliijaza hiyo sehemu mwenyewe, kama wanavyofanya waumini wengi, kwa kuogopa kwamba akimeza kidonge ataonekana hajaamini. Kama ni hivyo, mlango uko wazi kuliko kaka anavyofikiri.

Ndiyo maana kwa swali lako la mwisho nakujibu: nenda. Nenda katikati ya wiki, mchana, msimkute kwenye ibada. Kaka abaki nyumbani mara hii. Mweleze mama kwamba unakwenda, na kama atakubali nenda naye. Ukifika, mshukuru mtumishi kwanza kwa aliyoyafanya msibani, na umshukuru kwa moyo wote kwa sababu alistahili na hakuna aliyemshukuru. Kisha mwambie vipimo jinsi vilivyo, 178 kwa 104, bila kumlaumu. Halafu muombe jambo moja tu: amwambie mama, kwa kinywa chake, kwamba aendelee na dawa na kliniki mpaka daktari atakapomwambia aache, na kwamba yeye ataendelea kumwombea. Usiombe akanushe muujiza wala atangaze kwamba alikosea.

Wapo watumishi wengi ambao wakiombwa hivyo watalisema tena Jumapili mbele ya wote, wakijua wana wagonjwa wengine wa presha, kisukari na ukimwi kwenye viti vile. Akikubali, mtakuwa mmepata mkubwa wa pili bila kwenda mbali. Akikataa, akakuambia dawa ni kukosa imani, msijibizane. Aga kwa adabu, mrudi nyumbani. Hapo mambo mawili yafuate siku hiyohiyo: nenda kwa yule mkubwa mwingine mliyemfikiria, umweleze kila kitu, na umpeleke daktari au muuguzi nyumbani jioni hiyo bila kungoja miadi. Na kama mtumishi anawaambia watu waache dawa za ukimwi, sukari au kifua kikuu, kamweleze mwenyekiti wa mtaa na mganga mkuu wa wilaya yenu, kwa sababu hapo si habari ya mama yako peke yake.

Niandikie tena ukishatoka kwa daktari, uniambie namba zimesomaje.

Shangazi